Pembe Haijui Mpira

Kaka Mwita,

Shikamoo. Najua marahaba haitakuja, lakini mama hakunilea nianze maneno na mkubwa wangu bila salamu, hata kama mkubwa mwenyewe yuko chini ya udongo nyuma ya nyumba. Nimekaa kwenye kigoda chako, mgongo ukutani, na kaburi lako liko hatua kumi mbele yangu. Leo ni Ijumaa, jua bado liko juu. Kesho Nyuki FC wanacheza na timu ya Sirari. Nina habari mbaya ya kukupa na nina kosa la kukuomba radhi, na yote mawili yanatoka kwenye ile pembe ya tata, baba yetu.

Ngoja nianzie nyuma, maana uliondoka timu ikiwa mkiani.

Unamkumbuka yule kijana wa Mbeya, Lwitiko, aliyekuja kuchimba dhahabu upande wa Kewanja, halafu kila jioni anasimama peke yake pembeni ya uwanja wa mnadani? Uliwahi kuniambia, "Yule anaangalia mpira kama mtu anayesoma barua." Basi ulipokufa, kocha aliyekuwepo naye akaacha, viongozi wakakosa wa kumrithi. Kila waliyemfuata alikuwa na udhuru, maana lile benchi letu watu wanalijua. Mwisho wakampa yeye. Weee! Matusi ya wiki ile, kaka, ungecheka mpaka ukohoe. Pale kwenye meza yangu ya chai Chacha aliuliza, "Mchimba mashimo atatufundisha nini, kuzama?" Watu wakagonga meza kwa kucheka, chai yangu ikamwagika, na hakuna aliyeilipa.

Lwitiko alichukua vijana akawakimbiza mlimani asubuhi na mapema wakiwa wamebeba mchanga kwenye viroba. Wakatapika, wakamlaani, wakarudi kesho yake. Halafu tukashinda. Tukashinda tena. Tukashinda mechi tano, moja baada ya nyingine, Nyuki hawa hawa ambao mimi na wewe tulikuwa tunawasindikiza kwenye vipigo kama watu wanaokwenda msibani. Chacha, ambaye alirithi kiti chako cha uongozi wa mashabiki, ndiye aliyembeba kocha begani kuzunguka uwanja. Wakamletea kondoo dume. Wakaanza kumwita Tata. Mnyakyusa wa watu, hana hata mvi moja, anaitwa Tata na wazee wenye wajukuu! Kulipia chai yake kwangu kulikuwa kunagombewa na watu watatu kila siku.

Nilifurahi, sitaki kukudanganya. Lakini kila walipombeba nilikuwa natazama miguu yake inavyoning'inia, nikasema moyoni, huyu akishushwa atashushwa vipi?

Tulifungwa mechi moja, haikuwa kitu. Tukatoka sare, tukafungwa tena, tukafungwa nyumbani. Unajua mimi nasikia kila kitu, maana mtu anayemimina chai hakuna anayemwona. Kwanza walisema, "Tata amechoka kidogo." Wiki iliyofuata ikawa, "Kocha ana kiburi, haambiliki." Jina la Tata likafa hapo, hakuna aliyelizika. Halafu akawa "yule wa Mbeya". Halafu mmoja akasema alimwona Sirari, karibu na mpaka, amesimama na mtu wa timu yao, mkononi ana mfuko. Kabla mandazi hayajapoa tayari ilikuwa ameuza mechi.

Mfuko ule nimeushika kwa mikono yangu, kaka. Ndani mlikuwa na viatu vya mtumba vya golikipa wetu, ambaye alikuwa anadaka na raba zilizotoboka mbele. Lwitiko alivuka mpaka kwenda Isebania, Kenya, kuvinunua kwa pesa yake, akavipitisha kwangu nimwangalizie kama soli imeshikana vizuri. Nikawaambia. Nilisimama na mwiko mkononi nikawaambia wote. Chacha akanitazama kwa huruma, akasema, "Dada Rhobi, wewe una moyo mwepesi." Wakaendelea kunywa.

Kelele hazijawahi kunitisha mimi. Mkurya akikutukana, bado mna uhusiano. Kilichonitisha ni wiki mbili hizi, wameacha kumtukana. Akija kunywa chai, benchi linabaki wazi upande wake. Anasalimia, wanaitikia kwa heshima kabisa, halafu wanamalizia vikombe vyao na kuondoka mmoja mmoja. Ukimya huo niliwahi kuuona mara moja tu maishani, na wewe ulikuwepo.

Siwezi kuandika barua hii bila kuisema ile siku. Nisamehe.

Ulikuwa umechoshwa na Kocha Daudi, kocha wetu wa miaka ile, kama kila mtu; hata kumtukana mlikuwa mmeacha. Ukatoa pembe ya tata ukutani ukaenda nayo uwanjani. Mama alikuuliza unaipeleka wapi, ukacheka: "Tunamtisha tu, mama, aondoke." Ile pembe tata aliipuliza kwa jambo moja tu, ng'ombe wakiibiwa. Na ikilia hakuna mtu anayeuliza maswali, unakimbia na ulichonacho mkononi, kwa sababu asiyekimbia atatozwa faini na mbaya zaidi atadharauliwa. Wewe ukaipuliza nyuma ya benchi la kocha, dakika ya themanini, kwa ajili ya mpira.

Watu wa uwanjani walicheka. Lakini wa mashambani hawakujua kuna mechi. Walikuja wakiteremka mlima na marungu, na mapanga waliyokuwa wakikatia migomba, wanahema, macho mekundu, wanauliza, "Wapi? Wapi?" Na mtu mmoja, mpaka leo hatumjui, akanyoosha kidole kwenye benchi akasema, "Huyu hapa."

Nilikuona, kaka. Pembe ilikuwa bado mdomoni mwako. Ungeweza kusema neno moja. Ulibaki umesimama.

Daudi hakufa, namshukuru Mungu. Ulimbeba mwenyewe mgongoni mpaka kwenye gari, damu yake ikaingia kwenye shati lako jeupe na hukulifua, ulilichoma. Mguu wake haukunyooka tena. Na wewe hukurudi kuwa yule Mwita aliyenifundisha maana ya kuotea kwenye mpira kwa kupanga vikombe vya chai, yule aliyekuwa anachagua andazi lililoungua analila yeye ili nisipate hasara. Siku zako za mwisho, figo zimekwisha, uso umevimba, ulinishika mkono ukasema, "Rhobi, ile pembe isitoke. Pembe haijui mpira." Nikaitikia. Niliporudi nyumbani na sanduku langu, ndoa imevunjika, ulinipa chumba chako ukalala jikoni mwaka mzima bila kuniuliza swali hata moja. Ningemkatalia nini mtu kama wewe?

Sasa sikiliza kosa langu.

Jumapili iliyopita Chacha alikuja hapa na wenzake wawili. Walikaa vizuri, wakamsalimu mama shikamoo. Akasema wanaomba pembe kwa ajili ya Jumamosi. Nikamuuliza ya nini. Akasema, "Hatumfanyi kitu, dada. Tunamtisha tu aondoke." Maneno yako yale yale, kaka, hata tabasamu ni lile lile. Pembe ilikuwa jikoni, ndani ya debe la unga wa ngano, imefukiwa mpaka juu. Na mimi nikafungua mdomo nikasema, "Haipo. Tulimzika nayo."

Mama alikuwa anapukuchua maharage. Hakuinua kichwa. Chacha akaangalia huku nyuma, kwenye kaburi, akasema, "Aisee." Wakaaga.

Walipotoka mama akaniambia kwa sauti ndogo, "Umemtwika kaka yako mzigo, naye hawezi kuutua." Nilijifanya sijasikia.

Jumatano asubuhi nilikuja kufagia kaburini. Udongo wako bado ni laini, simenti hatujaweza. Nikakuta matundu matatu, moja upande wa kichwa na mawili kifuani, membamba na marefu, kama mtu amechoma mtaimbo polepole kutafuta kitu bila kutaka kuchimba. Ndivyo wanavyotafuta mawe ya dhahabu kule machimboni. Kaka, nilipiga magoti. Watu waliolia kwenye jeneza lako! Chacha alilia mpaka akashikwa! Na ni mimi niliyewaonyesha njia, kwa uongo wangu, nikidhani nakulinda.

Nilikwenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. Akaniambia, "Mama, huo ni mpira tu." Yeye mwenyewe alikuwa amevaa jezi ya Nyuki.

Basi jana, wakati wa mazoezi, nilibeba debe la unga kichwani mpaka uwanjani. Nikawasha moto, nikainjika karai la mandazi, watu walipojaa nikazamisha mkono kwenye unga nikaitoa pembe mbele yao wote. Ilikuwa nyeupe kama imezeeka. Nikasema, "Mwita hana kitu huko alikolala. Nilidanganya mimi. Muacheni apumzike." Nikaisukuma chini ya karai, kwenye makaa. Unaijua harufu ya pembe inapoungua, kama siku tunayowakata ndama pembe kwa chuma cha moto. Ilienea uwanja mzima. Vijana wakasimama na mpira miguuni. Machozi yalinitoka, sijui ni moshi, sijui ni tata.

Nilidhani nimemaliza. Chacha alisogea, akanusa, akatikisa kichwa kama mtu anayemsikitikia mtoto. Hakuwa na hasira hata kidogo. Akasema, "Dada Rhobi, umechoma moja. Tarime nzima ni pembe."

Ni kweli. Nimehesabu maboma kutoka hapa mpaka barabarani, kila boma lina ng'ombe, na leo tangu asubuhi nasikia mtu anajifunza kupuliza upande wa mlimani. Inakatika, anaanza upya. Mchana huu imeanza kunyooka.

Nilimfuata Lwitiko nikamweleza yote, na ya Daudi pia. Nikamwambia apande gari la Tarime mjini leo leo. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba andazi la pili. Akasema, "Nikiondoka kabla ya mechi, dada, nitakuwa nimeuza kweli." Kisha akaniuliza kama golikipa nimemwona, viatu vinambana au la. Haki ya Mungu nilitaka kumpiga kofi. Huyo ndiye wanasema hana uchungu na timu.

Kwa hiyo kaka, nimefikiri sana nikiwa nimekaa hapa na wewe. Kumbe pembe haikuwa tatizo peke yake. Wale waliokuja wakikimbia siku ile hawakuwa wabaya. Waliuliza swali. Waliuliza "Wapi?" mara mbili, nilisikia kwa masikio yangu, na sisi tuliojua jibu tulinyamaza, ikabaki sauti ya mtu mmoja mjinga. Wewe ulinyamaza. Na mimi nilinyamaza, Mwita, nilikuwa nimeshika birika mita tano kutoka pale. Miaka yote nimekuachia ulibebe peke yako. Hilo ndilo kosa langu kubwa, kuliko hata lile la matundu.

Kesho sitaweka meza yangu kule kwenye njia ya kuingilia. Nitaiweka nyuma ya benchi la kocha, jiko, karai na mafuta ya moto, nione nani atanisogeza. Pembe ikilia ilie. Watakapoteremka mlima na kuuliza "Wapi?", nitajibu mimi, kwa Kikurya, kwa sauti ile ya tata iliyokuwa inatuamsha sote: Hakuna ng'ombe aliyeibiwa. Rudini nyumbani. Nitasema hivyo kwa kila mmoja, na nitawaita kwa majina yao na ya mama zao, maana wote wamekunywa chai yangu. Kama hawatasikia, watakuwa wamenipita mimi kwanza. Naogopa, kaka.

Matundu nimeyaziba kwa kiganja, nikamwagia maji, nikashindilia. Lala sasa. Nikipona kesho nitaanza kununua simenti, mfuko mmoja mmoja.

Nilikuwa nataka kuishia hapo, lakini mama ametoka nje amejifunga kitenge chake cha kanisani. Hajawahi kukanyaga uwanja ule hata siku moja, wewe unajua. Anasema kesho atakuja kukaa na mimi nyuma ya benchi, na nisisahau kumbebea kigoda chako.

Mdogo wako,
Rhobi