Tope la Ndizeye

Kamembe, 6 Juni 1999

Binti yangu Patricie,

Barua yako ya kutoka Bukavu imenifikia. Hapa kiangazi kimeanza, maharagwe tumeshavuna, na jirani yetu Dancille bado ananicheka: "Mzee, kila siku unamwagia udongo mayi, utaotesha nini?"

Unalikumbuka lile bomba lililojaa tope ambalo mume wako Ndizeye alilitoa chini ya ziwa kabla ya vita, kwa utafiti wake wa mimea ya kale. Aliniambia, "Papa, usiache likauke. Nikirudi tutalipasua pamoja." Tangu alipopotelea msituni huko Kongo, mwaka 1996, nimelifunga kwa kitambaa chenye maji.

Jana nililipasua peke yangu. Nilichukua tope la chini kabisa, nikalisafisha kwa dawa zake zilizobaki, nikalitazama kwa hadubini yake. Chavua, lile vumbi la maua, haiozi ndani ya tope la ziwa, ndiyo maana hutuonyesha mimea ya zamani. Niliona chavua ya nyasi, ya miti kidogo sana. Enzi ya barafu milima yetu hii ilikuwa na baridi na ukavu, na msitu ulikuwa umepungua. Ndizeye alikuwa akisema hivyo, nami nikimbishia. Alikuwa sahihi, na sikuwa na wa kumwambia.

Tope linajua habari za miaka elfu ishirini iliyopita. Za miaka hii mitatu halijui.

Umeniuliza kama unaweza kuolewa na Védaste. Kile kitambaa nimekifua, nimekianika. Olewa, binti yangu.

Ni mimi, nitakayebaki baba mkwe wako,
Hakizimana