Sindano Nzito ya Kizota

Neema mwanangu,

Shikamoo yako imefika, marahaba. Mama yako mdogo hajambo, mbuzi wake kazaa mapacha. Unauliza ununue sindano gani ya bei nafuu kwa mashine yako ya santuri. Umemuuliza bingwa!

Miaka ile maduka yalipoanza kujaa vitu, fundi wa santuri wa Kizota alinionyesha sindano mbili za bei moja. "Chukua nyepesi," akasema. Mimi, mnunuzi wa ng'ombe mnadani Chemba, niliyezoea kuchagua kwa uzito, nikachukua nzito.

Nikaenda nayo Nzuguni kuposa, nikapiga santuri aipendayo mzee mwenye binti. Sindano ikazama ikiichimba santuri, vumbi lake lingejaa kikombe!

"Kijana," akauliza mzee, "umekuja kuoa au kulima?"

Chukua nyepesi, mwanangu. Binti, mzee alinipa. Santuri hajaniazima mpaka leo.

Baba yako mdogo