Viatu vya Ukutani

Prudence, uko wapi? Nimefanya jambo na sijutii.

Unamkumbuka Pettifer wa halmashauri, aliyeninyima ruhusa ya kupanua dirisha la jikoni? "Mama, nyumba hii ina miaka mia nne. Hugusi hata tofali bila kibali."

Leo fundi kafungua ufa wa dohani ya sebuleni, bomba la moshi, kakuta kiatu cha mtoto. Waliojenga walikificha humo ili mabaya yasishuke kwa njia ya moshi. Pettifer akapata habari, akaja mbio, akavua viatu vyake vya matope mlangoni, akacheka. "Ushirikina tu. Nakipeleka makumbusho."

Nikamwambia kiatu ni cha nyumba.

"Mama, nyumba haivai viatu."

Haivai viatu, shoga. Ananiambia mimi, kwangu, na soksi yake imetoboka.

Alipokaa jikoni kunywa chai na mume wangu, nikakirudisha kile kiatu mahali pake. Kando yake nikaweka kimoja cha Pettifer. Fundi akaziba kwa chokaa, mabega yakimtikisika kwa kicheko.

Ameondoka sasa hivi na gambuti za mume wangu. Nilipomwambia kiatu chake kilipo, alifoka, "Bomoa hapo, nataka kiatu changu."

Nikamuuliza, "Kibali unacho?"