Kipandio cha Kumi na Tisa

Kwako Kaka Mkubwa,

Shikamoo. Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kwamba lile goti lako la kushoto limepunguza ukorofi. Huku nyumbani tu salama. Mwanangu mkubwa amenizidi kimo, mdogo amenizidi maneno. Mimi mwenyewe siumwi popote, ila nina hasira, na unanijua: nikiwa na hasira napima vitu.

Chuo kikuu kinatimiza miaka arobaini, na mimi ndiye niliyepewa kazi ya kukarabati ngazi za maktaba, zile zile za mawe tulizojenga mimi na wewe palipokuwa kichaka. Sasa kuna majengo thelathini na moja (nimeyahesabu) na mnara wa saa wenye nyuso nne zinazokupa saa nne tofauti, uchague uipendayo. Mlangoni pa maktaba kuna kibao cha shaba chenye majina tisa ya waasisi. Kati ya hao tisa hakuna hata mmoja aliyewahi kubeba karai la zege. Nilimuuliza mlinzi majina ya mafundi yako wapi, akanijibu kwamba mafundi hawakuasisi kitu, walijenga tu.

Lakini sikiliza kioja. Unakikumbuka kipandio cha kumi na tisa, kile kinachokupandisha kwenye sakafu ya kati, kilichozidi wenzake kimo? Wanafunzi wanakiita Mkaguzi, maana hakuna apitaye bila kukaguliwa. Wa mwaka wa kwanza akijikwaa, waliokaa pembeni wanampigia makofi na kumwambia karibu chuoni, ndugu, sasa umesajiliwa. Siku ya mahafali wahitimu hupanga foleni na majoho yao, wakakikalia mmoja mmoja kupigwa picha. Nilipofika na nyundo walinizunguka kama nyuki. Binti mmoja anayesomea sheria aliniambia, kwa adabu zote, babu, ukimgusa Mkaguzi sisi tutahamia hapa juu yake na magodoro yetu. Babu! Mimi! Nikaweka nyundo chini.

Yuko mwalimu wa historia ambaye wanafunzi humwita Mzee Tanbihi, kwa kuwa hawezi kusema neno asiliongezee maelezo. Anaandika kitabu cha chuo. Miaka yote amekuwa akifundisha kwamba waasisi walikiinua kile kipandio makusudi, ili msomi ainamishe kichwa kabla ya kuingia penye vitabu. Nikamwambia inchi nane na robo mahali pa inchi sita si hekima, ni kosa. Wala hakukasirika. Alifungua droo akatoa daftari la kazi la siku zile, nusu limeliwa na mchwa, akanionyesha mstari mmoja: mwashi mkuu wa ngazi, maarufu kwa jina la Pimamaji, ameachishwa kazi kwa kukosea kipimo. Alikuwa amefurahi kama aliyepata mtoto uzeeni. Akasema ukweli umepatikana na utaingia kitabuni, ukurasa wa kumi na mbili, na jina lako kamili. Kitabu kilikuwa kiende kwa mpiga chapa Ijumaa.

Kaka, jina la Pimamaji hukupewa bure. Ukuta wako hata ukimwagiwa maji juu, yalikuwa hayajui yaelekee wapi.

Sasa nikueleze nilichokaa nacho miaka arobaini. Ulikuwa umeshamaliza sakafu ya kati na vipandio vya juu, vyote sawasawa. Siku shemeji alipojifungua uliondoka, ukaniachia vipandio kumi na nane vya chini na kijiti chako cha kupimia, inchi sita kamili. Kijiti kikapasuka ncha. Nikaikata ile ncha kwa msumeno, thumuni moja tu, yaani sehemu ya nane ya inchi, nikajisemea saruji itaficha. Sikupiga hesabu. Mimi! Thumuni moja mara kumi na nane ni inchi mbili na robo, na zote zilikwenda kurundikana kwenye cha kumi na tisa.

Uliporudi msimamizi alikuwa anafoka. Uliniuliza mara moja tu, kijiti kiko wapi. Nikasema sijui. Nilikuwa nimekifukia mchangani, hatua nne kutoka uliposimama. Ulinitazama, ukanawa mikono, ukamwambia msimamizi kazi ni yako na kosa ni lako. Jumatatu yake nikapewa nafasi yako, na nafasi hiyo ndiyo iliyonifikisha kwenye ukandarasi. Wewe ukaenda kulinda mageti ya watu. Wakiniuliza, huwaambia nilijijenga mwenyewe.

Na linaloniudhi zaidi ni kwamba hukunilaumu hata siku moja. Kwenye msiba wa baba ulinisogezea kiti, ukaniuliza habari za watoto. Ungenitukana, ningepata pa kujitetea.

Jumatano nilimpelekea Tanbihi kijiti chenyewe. Nilikifukua baada ya wewe kuondoka, na tangu siku hiyo kimelala chini ya sanduku langu la vifaa. Tulikipima wote wawili: inchi tano na thumuni saba. Alivua miwani, akaniuliza kama nina hakika, maana jina la kampuni yangu limeandikwa kubwa kwenye uzio pale nje. Nikamwambia aandike. Ukurasa nimeusoma kabla haujaondoka. Kosa limekaa kwangu. Wewe umeandikwa kwa vile vipandio vya juu ya sakafu ya kati, ambavyo mpaka leo havijapungua wala kuzidi hata unywele. Hapo akaongeza tanbihi, bila shaka. Mkaguzi ataachwa alivyo.

Sherehe ni Jumamosi ya tarehe kumi na nne. Nimekuombea kiti safu ya mbele. Kama hutaki kukaa nami, usijali, mimi nitasimama nyuma na mafundi wangu. Kijiti nimekifunga pamoja na barua hii, ni mali yako. Ila ukija, kaka, macho yetu si ya zamani: ukifika kile cha kumi na tisa, inua mguu inchi mbili na robo zaidi.

Nisalimie sana shemeji, na yule aliyezaliwa siku ile, ambaye nasikia naye sasa ana mjukuu njiani.

Ni mimi mdogo wako,
niliyekuambia sijui.