Wazungu wa Fremu ya Nyanya

Wakesho dadangu,

Hapa Taveta jua ni kali, lakini ndizi za Nyanya zimenifanya nilegeze mshipi, kwa hivyo usinionee huruma. Jionee wewe. Ile picha yako ya harusi uliyonipa nije nimtundikie Nyanya ukutani imekosa nafasi.

Fremu ipo, tena ya mbao nzuri, aliinunua mwenyewe sokoni. Shida ni picha ya mfano iliyokuja ndani yake: Wazungu, bwana na bibi na mtoto, wote meno nje. Nyanya aliitundika vile vile, na sasa wamekuwa watu wa hapa. Mtoto anaitwa Mwakio. Jana mama mmoja wa kanisani aliuliza hao ni kina nani, Nyanya akajibu bila haya, "Ni wajukuu. Wako mbali."

Leo niliishusha fremu nikaanza kuifungua nyuma.

"Wee! Unafukuza wageni wangu?"

"Nyanya, hawa si watu wetu! Mjukuu wako ni Wakesho."

"Hawa wako na mimi tangu Pasaka. Huyo Wakesho amekuja lini?"

Nikairudisha ukutani. Picha yako nimeichomeka kwenye pembe, kati ya kioo na mbao, miguuni pa Mwakio. Mumeo anaonekana nusu.

Njoo naye, dada. Nyanya anasema atakayekuja kwa miguu yake atapewa fremu nzima.

Nakupenda sana. Mwakio anakusalimia.

Mghoi