Mtani, Koo Langu Limewahi

Mtani wangu Tluway,

Nakujulisha kwamba nilikwenda hospitali. Nilikwenda mwenyewe, kwa miguu yangu, kifua mbele, bila kusukumwa na mtu, kama mwanamume wa Iramba anavyokwenda mahali pa hatari. Daktari mwenyewe alistaajabia ushujaa wangu.

Haya, najua unacheka. Nasikia huko uliko hakuna kinachofichika, kwa hiyo nisijichoshe. Nilipelekwa na mkeo. Nilikaa katikati kwenye bodaboda, dereva mbele, Mama Neema nyuma amenishika kiuno nisiruke, na tulipopita sokoni watu walitoka vibandani kutazama. Mpaka leo Endamarariek nzima wananiita bwana harusi.

Barua nilizofundishwa kabla sijaitoroka shule zilianza kwa kusema mimi mzima, hofu ni kwako uliye mbali. Hii nitaigeuza. Kwako sina hofu tena. Hofu ilikuwa kwangu mimi niliye karibu, nayo imepungua, na ndiyo maana nimetafuta kalamu. Nataka kukushukuru. Ulipokuwa hai sikukushukuru kwa lolote kwa sababu ungeringa.

Tulianza na matusi, unakumbuka. Mimi kibarua kutoka Singida, nachuma kahawa kwenye shamba kubwa lililopakana na msitu wa Ngorongoro, wewe umetoka kwenu kutafuta hela ya mabati. Mchana wa kwanza ulichungulia sufuria langu ukaniuliza kama kwetu tunakula makamasi ya ng'ombe. Ulikuwa mlenda, mboga yetu ya kuteleza. Nikakujibu kwamba makande yenu ni chakula cha kuku aliyefungwa. Kabila langu na lako hatukurithishwa utani na babu zetu. Tuliuanzisha wenyewe kwenye mistari ya kahawa, tukaupalilia, hadi ukoo wako ukanihesabu mtani wa kweli, mwenye haki ya kuwatukana hata msibani.

Halafu chai. Chai ya maziwa iliyochemka ikapanda mpaka ukingoni, inamiminwa kwenye kikombe cha bati, na mwanamume anayepuliza hana haja ya kuoa. Ulikuwa unaigugumia machozi yakikutoka, unasema ni moshi. Nami nakufuata nyuma, ulimi umekufa ganzi, kwa sababu singekubali kushindwa na mla makande. Ukanigawia kipande cha ardhi kwenu Endamarariek, tukazeeka majirani, wewe na mbaazi zako, mimi na shamba langu ulilosema ni mashimo ya panya, na kila asubuhi kikombe kilekile cha moto.

Ugali ulipoanza kukukwamia tulicheka. Nilikuuliza ni Mwiraqw gani anayeshindwa na tonge. Ukawa unajipiga ngumi kifuani, unashushia maji, mambo yanaendelea. Tukasema kimeo, kile kinyama cha kooni. Kila mtu alisema kimeo. Siku ya mnada fundi wa vimeo akakukata, ukatema damu, ukarudi nyumbani ukanywa chai ya moto ili kidonda kikauke. Chai, Tluway. Sijui tulikuwa tumeazima akili za nani.

Na neno saratani likitajwa tulilifukuza kijijini. Sisi tulisema huo ni ugonjwa wa watu wa Daa. Nilipokwenda Daa kununua mbuzi wakaniambia hapana, huo ni wa Endabash, mambo ya maji yao. Wa Endabash walisema ni wa Karatu mjini, wala chipsi. Ugonjwa umefukuzwa kata zote, hauna kwao, na makaburi yake yako kila kata.

Tulipokufikisha hospitali ulikuwa unatema mpaka mate yako mwenyewe. Daktari akasema mngekuja mapema. Nikamjibu kwa hasira kwamba tumekuja mapema, tumeondoka nyumbani jogoo hajawika.  Wewe ndiye uliyecheka, ukiwa umelala pale kama mti uliokatwa. Sasa ninapolikumbuka hilo jibu langu nataka kujificha uvunguni.

Wakaturudisha nyumbani. Uji ulikataa. Maziwa yalirudi. Mama Neema akawa anakaa nje ya jiko, hana cha kupika. Nikaja na sufuria langu, nikakupikia mlenda, mwepesi, nikaupoza hadi ukawa vuguvugu kama mkono wa mtoto. Nikakulisha kwa kijiko. Ukapita. Ukafumba macho, ukaacha ukapita wote, chakula ulichonichekea tangu ujana wetu. Ukaniambia kwa ile sauti iliyokuwa imebaki kama upepo mlangoni, "Usimwambie mtu." Nikasema nitamwambia kila mtu, nitasimama mnadani. Ukasema, "Basi niache niseme mwenyewe mbele ya wazee, nikipata nafuu."

Nafuu haikuja. Lakini siku ile uliponishika shati hukuwa unatania, na wewe nilikuwa sijawahi kukuona hutanii. Uliniambia, "Mkumbo, kikikukwama usikisukume na maji. Nenda." Neno moja hilo. Nenda.

Mazikoni nilifanya kazi yangu. Nilivaa koti lako kuukuu na kofia yako, nikatembea kwa kuburuta mguu kama ulivyokuwa unaburuta, nikakalia ukingo wa kaburi nikasema halizikwi jitu hapa mpaka nipewe jogoo. Katekista alikasirika. Ndugu zako walicheka na kulia kwa pamoja, na Mama Neema alicheka hadi akashikwa asianguke. Jogoo nilipewa. Alikuwa mgumu kama wewe.

Sasa sikiliza yaliyofuata.

Siku ya kumaliza msiba tulikula ugali na nyama uani kwako. Tonge likasimama. Hapa, chini kidogo ya koromeo. Likakaa kama mgeni asiyetaka kuaga. Nikageuka pembeni, nikajipiga ngumi kifuani kidogo tu, nikachukua kikombe cha maji. Nilidhani hakuna aliyeona. Mkeo alivuka uwanja mzima mbele ya wageni, akakitoa kile kikombe mkononi mwangu, akamwaga maji chini. "Shemeji," akasema, "hiyo ngumi naijua."

Nikasema ni mfupa. Nikasema ni huzuni. Nikasema sisi Wanyiramba tunakula hivyo. Akaondoa na sahani. Kuanzia siku hiyo hakunipa chakula wala chai, na majirani wote akawakataza. Wewe uliishi na huyo mwanamke miaka yote ukasema ni mpole. Kesho yake nikala mihogo ya kuchoma peke yangu, nayo ikasimama palepale, ndipo nikaogopa. Tluway, niliogopa. Nilikaa shambani nikiangalia kaburi lako kule kwenye mbaazi, nikakusikia unasema nenda, na miguu ikakataa. Basi mkeo akaja na bodaboda.

Walinitia mpira wenye taa kooni. Nilikumbuka dua zote nilizofundishwa utotoni na mbili za kwenu Wakatoliki. Wakakata kinyama kidogo wakakipeleka kupimwa, na siku za kungoja majibu sikumtania mtu, mpaka kijijini wakaanza kunisikitikia. Majibu yakaja: ni saratani, ugonjwa ule ule wako, ila mchanga, umekaa juu juu. Nikapelekwa hospitali kubwa, wakauondoa kwa kupitia hukohuko kooni. Sikuambiwa nimepona, maana lazima nirudi kuchunguliwa tena na tena. Niliambiwa nimewahi. Daktari, binti mdogo ambaye ungemtuma maji, alisema, "Mzee wangu, kutoka upande wenu ni mara chache nampata mtu amewahi." Nikainama kama nafunga kamba za viatu. Nilikuwa nimevaa kandambili.

Pale kwenye benchi nilijifunza, mtani. Wa mjini huja wakitembea. Anakaa, simu mkononi, analalamika kwamba pilipili inamchoma siku hizi. Wetu wa Endabash na Daa na kwetu huja wamelazwa kwenye godoro nyuma ya pikapu, wamepigwa vumbi au tope, wamekonda mpaka pete zimeanguka. Nilimuuliza yule binti kama basi ni kweli maji ya Endabash yamelaaniwa. Akaniambia upande wetu wanaougua koo ni wengi kweli, na sababu zote hazijulikani. Chai ya moto hivyo anaishuku sana, tumbaku na gongo pia, mengine bado wanatafuta. Lakini la kuchelewa, akasema, hilo halina fumbo. Kuna barabara isiyopitika masika, kuna zahanati inayokupa dawa ya tumbo, kuna kimeo, kuna aibu.

Nikamwambia na mimi nina langu. Lami imepita Karatu ikapanda mpaka geti la Ngorongoro, ili mgeni akamwone faru. Faru wa kreta akikohoa, daktari wake anakuja na ndege. Mzee wa Daa akikohoa, anangoja matope yakauke. Binti akacheka, akasema, "Babu, hilo kaliseme kwenye mkutano wa kijiji." Nimelisema. Kikao kilichofuata mwenyekiti ameomba gari la wauguzi liwe linakuja siku ya mnada, na limeshakuja, na foleni yake ilikuwa ndefu kuliko ya fundi wa vimeo. Fundi amehamia kwenye kuuza viatu.

Mama Neema nilimkuta siku moja ameshika lile sufuria la chai, haliweki jikoni wala halirudishi. Akasema, "Mimi ndiye niliyekuwa nachemsha."  Nikamwambia mimi sijawahi kuchemshiwa na yeye peke yake, nilichemshiwa na dunia nzima, na hakuna aliyetushikia kikombe mdomoni, tulikuwa wazee wawili wapumbavu tunaoshindana. Kisha nikamwambia ukweli mwingine: kwamba aliyemwaga maji ya kikombe changu ni yeye, na kama nipo hai ni kwa mkono huohuo. Akaweka sufuria jikoni. Siku hizi anachemsha, anafunika, anakwenda kumwagilia miche, ndipo anarudi kumimina. Ukipeleka mkono kabla hajarudi anakuchapa na mwiko.

Nimebakiza la Margwe, mdogo wako. Hili ndilo nililotaka kukusimulia tangu mwanzo.

Shangazi yenu alifariki juzijuzi, kwa uzee wake, kwa amani. Kwenye chakula cha msibani nikamwona Margwe anageuka pembeni. Ngumi kifuani. Maji. Nikamfuata taratibu nikamwambia twende. Akasema ni gesi. Nikamwita mbele ya kaka zake, akasema nisimletee uchuro wangu wa Singida. Anaringa kama wewe, na anaogopa kama mimi. Nikaona nikimwacha, tutamzika mwakani tukisema kimeo.

Kwa hiyo jeneza lilipofika nilitelemka kaburini. Mtani nina haki. Nikalala chali kule chini, udongo unaniingia masikioni, nikasema leo sitaki jogoo, sitaki blanketi, sitaki pombe. Sitoki humu mpaka Margwe aape mbele ya shangazi yake kwamba kesho anakwenda kutiwa mpira kooni. Katekista akaanza kusali kwa sauti kubwa nisisikike. Margwe akanirushia donge la udongo, akaniita mla mlenda, mchawi, kahaba wa hospitali. Nikajikunja vizuri kama ninayetafuta usingizi. Jua linawaka, wabeba jeneza wanabadilishana mabega, wanawake wameanza kucheka, kisha wakaacha kucheka.  Nilikuwa naona kipande kile tu cha mbingu na nyuso pembeni yake, na nikajua kwamba akikataa sina kingine. Utani wangu wote umeishia hapo.

Ndipo mkeo akasema kutoka nyuma, si kwa sauti kubwa, "Margwe, mimi nimechoka kuvaa nyeusi."

Akaapa.

Alikwenda. Walimkuta na kidonda cha kiungulia, akapewa vidonge, hana ugonjwa wetu. Alirudi ananitukana kuanzia stendi mpaka mlangoni kwangu, kwamba nimemwaibisha kwa ajili ya gesi. Sijawahi kutukanwa nikafurahi hivyo. Nilimwekea kiti. Nikammiminia chai, nikaifunika, tukaingoja wote wawili, yeye anaendelea kutukana mpaka ikapoa.

Basi asante, mtani. Asante kwa ardhi, asante kwa mke uliyeniachia aninyime chakula, asante kwa lile neno moja. Ungeweza kufa ukiwa unanitania na ningekusamehe. Ulipumzika kunitania kidogo tu, nikawahi humo.

Naahidi haya: nitarudi kuchunguliwa kila nikiitwa, hata kama ni bwana harusi tena. Nitalala katika kila kaburi la kata hii kabla ya mwenyewe, mpaka wachoke, au mpaka tuwe tunafika hospitali tukitembea kama wa mjini. Na mbaazi zako nazipalilia, ingawa kwa mistari iliyonyooka, usinilaumu.

Kwaheri ya kuonana, ila usiniharakishe.

Kuna kale kadeni kako. Uliahidi kutamka mbele ya wazee na hukutamka. Sasa huko wazee wenu wote wapo, wamekaa, hawana haraka. Waite. Safisha koo, maana naamini limefunguka, uwaambie kwamba mlenda ni chakula.

Mtani wako,
Mkumbo