Mkwe Wangu na Hakimu wa Marekani

Jumatano.

Leo mkwe wangu, hakimu wa baraza la mtemi, kaja kunisomea kitabu alichopewa na Bwana Shauri, yule Mzungu mkuu wa wilaya. Kasoma nyuma ya mlango, maana mila inamkataza kunitazama mimi mama mkwe wake.

Eti zamani Marekani vyama viwili viligombana kama wake wenza. Kilichoshindwa kikajaza watu wake mahakamani wawe mahakimu, kabla ya kuondoka madarakani. Halafu hakimu mmoja wao akaiambia serikali sheria yake ni batili, nayo ikafyata mkia.

Nikamwambia, "Vizuri, baba. Basi kesho mwambie mtemi hawezi kumpa shemeji yake shamba langu la karanga."

Akakohoa, akaaga.

Naogopa shamba litakwenda. Mila inamkataza kunitazama usoni mimi tu. Kumtazama mtemi je, nani kamkataza?